Vidonda vya Panki (3): Waliobaki wa Joy Division

Wiki iliyopita tuliishia Manchester, tarehe 4 Juni 1976, vijana wakitoka kwenye onyesho la Sex Pistols huku kila mmoja akiapa kuunda bendi yake. Peter Hook na Bernard Sumner walikuwamo. Wakampata mwimbaji, Ian Curtis, kisha mpiga ngoma, Stephen Morris. Joy Division ndiyo hiyo.

Curtis alikuwa na kifafa, na kukesha jukwaani hakukumsaidia. Mapema Aprili 1980 alijaribu kujiua. Bila hata kumpa muda wa kupumzika, bendi ikapanda jukwaani mjini Bury, onyesho likaishia kwa chupa kurushwa. Tarehe 18 Mei, walipokaribia kabisa kuanza safari ya Marekani, alijiua. Alikuwa na miaka 23.

Wenzake hawakumkalia matanga. Hook amesimulia kwamba simu ya msiba ilimkuta mezani; alipoipokea, akarudi akaendelea kula. Julai walishapanda jukwaani wakiwa watatu. Mwaka 1981, sasa wakiitwa New Order, walitoa "Ceremony", wimbo wa Curtis ambao maneno yake iliwabidi wayanase kwa taabu kutoka kwenye kanda mbovu. Kwangu mimi, matanga yao yalikuwa hayo: kuinamia kanda na kumsikiliza marehemu neno kwa neno. Alipokuwa hai, kwa kukiri kwao wenyewe, hawakuyatia maanani mashairi yake. Waliyaona sanaa tu.

Kiwewe huenda hivyo. Kwanza mtu hufa ganzi, akala, akafanya kazi. Miaka ikipita ndipo swali linapomrudia: mbona sikuona? Tena kumbukumbu haikai kama picha kabatini, hufinyangwa upya kila inapoguswa. Hook aliandika kitabu mwaka 2012, Sumner 2014, Morris 2019, na mambo mengine hawaafikiani. Tusikimbilie kumwita yeyote mwongo.

Hook alijitenga na wenzake mwaka 2007, na tangu 2010 anazunguka akipiga albamu za Joy Division nzima nzima. Kesi yao ya jina na fedha ilimalizwa kwa maelewano mwaka 2017. Fedha zilikuwamo, sikatai, ila nadhani waligombea pia haki ya kumlilia Ian.

Wiki ijayo tutahamia Johannesburg kwa National Wake, weusi na weupe waliopiga panki pamoja chini ya sheria za ubaguzi.