Land Cruiser Kuukuu na Safari za Porini

Land Cruiser za bodi ndefu zinazosakwa zaidi na watu wa safari za porini ni za matoleo mawili: 60, iliyoundwa kuanzia 1980 hadi 1990, na 80, iliyochukua nafasi yake na kudumu katika masoko mengi hadi mwishoni mwa muongo uliofuata. Kabla ya hapo lilikuwapo toleo la 55 la mwaka 1967, ambalo sasa ni adimu. Nje ya Toyota yapo magari ya aina hiyohiyo, kama Range Rover ya kwanza ya mwaka 1970 na Nissan Patrol Y60 ya 1987. Yote yalikusudiwa kubeba familia na mizigo yake, na yote yanaweza kufunguliwa, kurekebishwa na kufungwa tena na fundi wa kawaida wa gereji, mwenye spana na akili yake.

Kinachoyafananisha ni muundo wa chini. Bodi imekaa juu ya chesisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na magurudumu yamefungwa kwenye ekseli ngumu, moja mbele na moja nyuma. Gurudumu la kushoto likipanda jiwe, ekseli nzima huinama na kulisukuma la kulia ardhini, hivyo tairi zote huendelea kushika njia. Isitoshe, kimo cha difu kutoka chini hakibadiliki hata gari likidundadunda. Land Cruiser 100 ilipotoka mwaka 1998, matoleo yake mengi yaliacha ekseli ngumu ya mbele kwa ajili ya starehe ya lami, na hiyo ni sababu mojawapo ya 80 kuendelea kuthaminiwa ilhali umri wake umesonga. Tofauti kubwa ya 60 na 80 ni springi. Ya kwanza ina springi za bapa, yaani vyuma vilivyopangwa tabaka juu ya tabaka. Ni imara lakini hurusha abiria. Ya pili ina koili pande zote, ambazo huipa ekseli nafasi kubwa zaidi ya kucheza.

Katika Afrika Mashariki magari haya hayaongezeki. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, na Tanzania hulitoza gari la zamani kodi ya ziada. Yaliyopo ni yale yaliyoingia zamani kwa ajili ya serikali, mashirika ya misaada, misheni na kampuni za utalii, na mengi yameshabadili mikono mara kadhaa. Kwa hiyo mnunuzi hachagui rangi wala viti, anachagua chesisi. Kutu ndiyo adui wa kwanza, hasa kwa gari lililoishi Mombasa, Tanga au Zanzibar, ambako hewa ya chumvi hula chuma usiku na mchana. Katika 60 hutafutwa kwenye kingo za paa, mlango wa nyuma na juu ya magurudumu ya nyuma. Katika 80 hutazamwa chini ya kioo cha mbele na sehemu ya nyuma ya chesisi. Injini mbovu hubadilishwa kwa siku chache. Chesisi iliyooza ni mwisho wa habari.

Gari likishapatikana, kishawishi ni kukimbilia bampa na taa. Fundi mzuri huanza kwingine kabisa: rejeta, mipira ya maji, bushi, beringi, breki na mkanda wa tayimingi, ambao katika injini ya dizeli ya 1HZ hubadilishwa kila kilomita 100,000. Mahali panapostahili jicho la pekee ni vifundo vya magurudumu ya mbele. Ndani yake mna jointi zinazoliwezesha gurudumu kukata kona huku likiendeshwa na injini, nazo huogelea kwenye grisi nzito. Sili ya ndani ikichoka, mafuta ya difu hupenya na kuiyeyusha grisi hiyo, kisha hutoka yakichuruzika juu ya tairi. Kazi ya kufungua, kuosha na kujaza grisi mpya ni chafu na ya kuchosha. Haionekani kwenye picha, lakini ndiyo inayolirudisha gari nyumbani.

Badiliko lenye faida kubwa kuliko yote kwa gharama yake ni tairi. Hapa pana kosa linalorudiwa kila mahali: wengi huamini kwamba kuinua gari kwa springi ndefu kunaliepusha na mawe. Springi huinua bodi na chesisi tu; difu hubaki pale ilipokuwa, kwa sababu imeshikwa na ekseli, na ekseli imebebwa na tairi. Land Cruiser 80 nyingi zilitoka kiwandani na tairi za 275/70R16, zenye kipenyo cha takriban sentimita 79. Zikivishwa 285/75R16, kipenyo hufika kama sentimita 83, na difu hupanda kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimita mbili hivi. Ni kidogo kuliko anavyotarajia mtu aliyetoa fedha zake, lakini jiwe lililokuwa likigonga sasa hupita. Kasi nayo hudanganya: mshale ukionyesha 100, gari liko karibu 105.

Kuinua springi kuna maana yake hata hivyo. Huipa tairi kubwa nafasi ya kupanda bila kukwaruza bodi, na huboresha pembe tatu zinazoamua gari lipite wapi: pembe ya mbele linapokabili ukingo, pembe ya nyuma linapoushuka, na pembe ya tumboni linapovuka tuta. Kwa gari la safari milimita 50 zinatosha. Zaidi ya hapo kila hatua hudai nyingine. Ekseli ya mbele hupinduka kidogo, usukani ukakosa ile tabia ya kurudi katikati wenyewe, na gari likaanza kutangatanga barabarani. Dawa yake ni bushi maalumu zinazorudisha pembe. Fimbo inayozuia ekseli isiende kando huivuta upande mmoja, hivyo hulazimika kurefushwa. Mipira ya breki hukazika ekseli inaposhuka. Kisha ipo vali ndogo juu ya ekseli ya nyuma ambayo hupima mzigo kwa kuangalia umbali kati ya ekseli na chesisi. Gari likiinuliwa, vali huamini halina mzigo na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Mafundi wengi huisahau, na dereva hulalamika kwamba gari limekuwa gumu kusimama bila kujua chanzo.

Pembe ya tumboni ndiyo pia bei inayolipwa na magari ya utalii ya Arusha na Nairobi. Karakana za huko huchukua Land Cruiser, mara nyingi za toleo la 70, hukata chesisi katikati na kuirefusha ili kupata safu nyingine ya viti, kisha huweka paa linaloinuka kwa ajili ya watazama wanyama. Kazi yenyewe ni ya ustadi mkubwa. Lakini gari lililorefushwa hulaza tumbo kwenye tuta ambalo ndugu yake mfupi angelivuka, na huhitaji uwanja mpana kugeuza.

Tairi kubwa huifanya injini ijione imeongezewa mzigo, kwani kila mzunguko wa gurudumu sasa ni safari ndefu zaidi. Wenye tairi za inchi 35 hubadilisha gia za ndani ya difu, kutoka uwiano wa 4.10 unaopatikana katika 80 nyingi hadi 4.88. Kwa kuwa difu imeshafunguliwa, ndio wakati wa kufikiria loki. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye upinzani mdogo. Moja likining'inia hewani huzunguka bure na gari husimama. Loki huyafunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja. Baadhi ya 80 zilitoka kiwandani na loki za umeme mbele na nyuma, na kwa nyingine hufungwa loki za upepo zilizoenezwa na kampuni ya ARB ya Australia, iliyoanzishwa 1975. Mwenye fedha za loki moja huiweka nyuma. Loki ya mbele hufanya usukani kuwa mzito na huzipa zile jointi za vifundo mzigo wa kuzivunja.

Kwenye injini panahitajika kiasi. Dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, isiyo na turbo, ni mvumilivu kupindukia lakini haina haraka, na wengi hujaribiwa kuifunga turbo. Mgandamizo wake ni mkubwa, zaidi ya 22 kwa 1, na mafuta huwakia kwanza kwenye vyumba vidogo vya silinda hedi, ambako joto hujikusanya. Msukumo wa upepo ukizidi na mafuta yakimiminwa bila kipimo, hedi hupasuka. Anayetaka turbo hana budi kufunga pia geji ya kupima joto la moshi na kuitii. Nguvu ya kiwandani ilikuwamo katika 1HD-T, dizeli ya turbo ya ukubwa uleule iliyokuja na 80, ingawa beringi zake za kuunganisha pistoni na krenki zilijulikana kuchakaa mapema na hubadilishwa kama tahadhari.

Mkonga, lile bomba jeusi linalopanda ubavuni mwa kioo cha mbele, hudhaniwa kuwa leseni ya kuvuka mito. Manufaa yake ya kila siku ni vumbi: injini huvuta hewa ya juu, iliyo safi kuliko ile ya nyuma ya magurudumu ya gari lililotangulia, na filta hudumu. Majini husaidia tu ikiwa kila kiungo hadi kwenye filta kimezibwa sawasawa. Maji hayabanwi, yakiingia kwenye silinda, pistoni hugota na fimbo yake hupinda papo hapo. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana. Ekseli yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia sili. Mrija wa kupumulia wa difu, ukirefushwa hadi karibu na boneti, huondoa tatizo hilo kwa bei ndogo.

Kila kinachoongezwa kina uzito. Bampa la chuma na winchi pekee huweka takriban kilo 100 au zaidi mbele ya magurudumu. Dumu la lita 20 la dizeli ni kama kilo 20, na manne juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona na kulala kwa urahisi kwenye mteremko wa kando. Vizito huwekwa chini na kati ya ekseli. Paa ni la hema na vitu vyepesi. Winchi huchaguliwa kwa mara moja na nusu ya uzito wa gari lililopakiwa. Land Cruiser 80 yenye abiria, maji na mafuta hukaribia tani tatu, kwa hiyo winchi ya pauni 9,500, sawa na kilo 4,300 hivi, iko ukingoni, na ile ya 12,000 inafaa zaidi. Nguvu inayotangazwa hupatikana kwenye tabaka la kwanza la waya tu. Kila tabaka linalobaki kwenye ngoma huipunguza. Waya wa chuma ukikatika hurudi kwa kasi ya kuua, ndiyo maana hutupiwa koti au blanketi zito kabla ya kuvuta, na kamba za nyuzi za sintetiki zinazidi kupendwa. Mpira wa kukokotea trela kamwe haufungwi mkanda wa kunasulia: unaweza kung'oka na kuruka kama risasi.

Njiani, kazi kubwa hufanywa na upepo wa tairi. Wa lami, kwa mfano psi 36, hushushwa hadi 26 au 28 kwenye changarawe na 15 hadi 18 kwenye mchanga, ili tairi ijinyooshe na kukanyaga eneo refu. Mwendo nao hushushwa, na kompresa ya kujazia hubebwa. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hujaza meno ya tairi zote bila kujali bei yake, na uamuzi wa busara mara nyingi ni kusubiri jua. Gia nzito na loki ya kati, ile inayoziunganisha ekseli mbili, huwekwa kabla ya kuingia matopeni, si baada ya kukwama. Mto usiojulikana hupimwa kwanza kwa miguu, mahali pasipo na mamba wala viboko. Mteremko mkali hushukwa wima kwa gia ya chini, injini ikishika mwendo, na mfereji huvukwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Katika 60, ambayo hufunga ekseli ya mbele moja kwa moja, gia ya magurudumu manne huondolewa mara tu lami ikianza, la sivyo mitambo hukazana yenyewe.

Kipimo kikali cha ufundi huu katika eneo hili ni Rhino Charge, mashindano yanayofanyika Kenya tangu 1989. Magari hupewa saa kumi kufikia vituo 13 porini, na mshindi si aliyewahi bali aliyetumia umbali mfupi zaidi, hivyo wengi hukata moja kwa moja kupitia makorongo na vichaka. Michango ya washiriki ilisaidia kujenga uzio wa takriban kilomita 400 kuizunguka misitu ya Aberdare, uliokamilika 2009. Magari ya kundi la juu hayafanani tena na ya familia, na si kielelezo cha kuigwa na mtu anayetaka kwenda Ziwa Natron na watoto.

Safari ikiisha, gari husafishwa chini kwanza, kwani tope lililokauka huficha nyufa na kuhifadhi unyevu. Nati za springi na rimu hukazwa upya. Shokapu zilizopita barabara ya mikunjo hukaguliwa kama zinavuja. Kama maji yalifika kwenye ekseli, koki ya difu hulegezwa na mafuta kuangaliwa: yakitoka meusi au ya kahawia huachwa, yakitoka meupe yamechanganyika na maji, nayo humwagwa yote siku hiyohiyo kabla gari halijawashwa tena.