Njia za Miguu Bukombe: Kuzichora ni Rahisi, Kuzipoteza ni Ghali

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 224,542 katika Wilaya ya Bukombe, mkoani Geita. Sensa ya 2022 ikahesabu 407,102. Ndani ya miaka kumi, wilaya ambayo makao yake makuu ni Ushirombo imeongeza watu kwa asilimia 81, na ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Palipokuwa pori leo ni shamba, palipokuwa shamba leo ni kiwanja, na pembeni mwake kuna leseni za kuchimba dhahabu. Vipande hivyo vina wenyewe, vina mipaka, na vingi tayari vina karatasi. Kisicho na karatasi ni njia ya miguu inayopita katikati yake: ya kwenda kisimani, shuleni, zahanati, mnadani na kwenye maduara ya dhahabu, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo.

Uchambuzi huu unaipima njia hiyo kwa namba. Hoja yake ni moja: katika ukanda unaopimwa kwa kasi kama huu, njia isiyoandikwa itafungwa, na gharama ya kuiandika ni ndogo mno ukilinganisha na hasara ya kuipoteza.

Wenzetu wamefanyaje

Tuanze na England. Sheria ya mwaka 1949 iliziagiza halmashauri zichore ramani rasmi ya njia za umma. Leo ramani hizo zina takriban kilomita 188,700 za njia ndani ya nchi yenye kilomita za mraba 130,000. Hiyo ni karibu kilomita 1.45 za njia kwa kila kilomita moja ya mraba. Njia ikishaingia kwenye ramani hiyo ni haki ya kila mtu, hata kama inakatiza shamba la tajiri. Mkulima anaweza kuruhusiwa kulima juu ya njia inayokatiza shamba lake, lakini anatakiwa kuirudisha ndani ya siku 14 tangu alipoilima, ikiwa na upana usiopungua mita 1. Ile inayopita ukingoni mwa shamba haiguswi kwa jembe, na upana wake ni angalau mita 1.5.

Hata hivyo, mfumo huo una tundu. Mwaka 2020 chama cha watembeaji cha Ramblers kililinganisha ramani za zamani na ramani rasmi za England na Wales. Kiliona njia zenye urefu wa zaidi ya maili 49,000, yaani karibu kilomita 79,000, ambazo zilikuwa kwenye karatasi za zamani lakini hazimo kwenye orodha ya sasa. Panapotawala ramani, kilichosahaulika kuchorwa hakina mtetezi.

Norway imeshika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kutembea kwenye ardhi isiyolimwa, iwe na mwenyewe au isiwe naye. Mtembeaji hahitaji kuonyesha njia kwenye ramani, maana haki yake iko juu ya ardhi yenyewe. Ila kwenye ardhi iliyolimwa haki hiyo inabanwa: anaruhusiwa kupita kipindi cha baridi tu, udongo ukiwa umeganda au umefunikwa na theluji. Norway inaweza kuishi hivyo kwa sababu ni takriban asilimia 3 tu ya nchi inayolimwa. Bukombe, ambako mahindi, mpunga na mihogo vinafika hadi mlangoni, sheria ya namna hiyo isingemsaidia mtu anayekwenda kuchota maji.

Mfano wa karibu zaidi uko ng'ambo ya mpaka, kwenye barabara kuu inayopita Ushirombo kuelekea Rusumo. Rwanda imechora na kuweka alama njia ya Congo Nile Trail kandokando ya Ziwa Kivu, kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi. Kubwa zaidi ni kwamba kati ya 2009 na 2013 nchi hiyo ilisajili vipande zaidi ya milioni 10 vya ardhi kwa gharama ya karibu dola 6 kwa kipande. Ilitumia picha za anga na wananchi waliofundishwa kuonyesha mipaka papo hapo, majirani wakiwa wamesimama shambani. Wapimaji wenye digrii hawakutumwa kila kona.

Ramani zetu zinaonyesha nini

Tanzania haikosi ramani. Ramani za taifa za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa karatasi za mraba, kila moja ikifunika eneo la karibu kilomita 27.7 kwa 27.7. Nchi nzima inahitaji karatasi zaidi ya 1,200. Kwa kipimo hicho milimita moja ni mita 50 za ardhi, kwa hiyo njia ya upana wa mita 3 ingepaswa kuwa na unene wa milimita 0.06. Mchoraji huiwakilisha kwa mstari wa vidoti, tena kwa zile alizoziona kwenye picha za ndege. Nyingi za ramani hizo zina miongo kadhaa. Mstari ule unasema njia ilionekana. Hausemi kwamba wananchi wana haki ya kuipita.

Barabara zina wenyewe. Wakala wa barabara kuu na za mikoa, TANROADS, unasimamia takriban kilomita 36,000 na ule wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, ulioanzishwa mwaka 2017, una zaidi ya kilomita 144,000. Jumla ni kama kilomita 180,000 zenye majina, namba na bajeti. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande, na aliyejenga ndani yake anajua maana ya alama ya X ukutani. Njia za miguu hazina wakala, hazina orodha ya taifa, na hakuna anayeweza kukuambia wilaya fulani ina kilomita ngapi.

Zilizochorwa vizuri ni zile zinazoingiza fedha. Kwenye Mlima Kilimanjaro njia zina majina, vituo na vibao, na mgeni asiye mkazi analipa ada ya hifadhi ya dola 70 kwa siku kabla ya VAT. Kwa siku sita ni dola 420. Wanyamapori nao wamefikiriwa. Mwaka 2022 serikali ilizindua mpango uliobainisha shoroba, yaani mapito ya wanyama, 61 nchini na kuzipa 20 kipaumbele, baada ya kanuni za mwaka 2018 kuzipa shoroba ulinzi wa kisheria. Hilo ni jambo jema na linastahili pongezi. Linathibitisha pia kwamba taifa likiamua kuandika njia, linaweza. Mama anayebeba ndoo kichwani anastahili kufikiriwa angalau kama tembo.

Na watu wa huku wametembea muda mrefu. Wasumbwa, wenyeji wa eneo hili, walikuwa wafanyabiashara wa masafa wakati wa misafara ya karne ya 19. Msiri, aliyejenga dola yake Katanga na makao yake Bunkeya, alikuwa na asili ya Usumbwa. Kutoka Ushirombo hadi Bunkeya ni zaidi ya kilomita 900 kwa mstari ulionyooka, na masafa kama hayo yalitembewa kwa miguu, kwa njia zilizojulikana. Hazikuhitaji ramani kwa sababu nafasi ilikuwepo.

Nani analipa njia ikifungwa

Chukua ekari moja ya hatua 70 kwa 70, kama tunavyozipima vijijini. Hatua ikiwa mita moja, ni mita za mraba 4,900. Njia ya upana wa mita 3 ikipita kutoka upande mmoja hadi wa pili inachukua mita za mraba 210, sawa na asilimia 4.3. Tuchukulie ekari hiyo inatoa magunia 10 ya mahindi ya kilo 100. Anayeiacha wazi anapoteza kama kilo 43 kwa msimu. Njia ikipitishwa mpakani na majirani wawili wakaachia mita moja na nusu kila mmoja, kila mtu anapoteza kilo 21 au 22. Hasara hiyo ni ya kweli, na mkulima anayepanda minyaa au kuvuta seng'enge ana sababu yake.

Sasa tazama upande wa pili wa uzio. Tuchukulie njia hiyo ilitumiwa na watoto 40 kwenda shule, na kuizunguka kunaongeza mita 750 kwenda na mita 750 kurudi. Mwaka wa masomo una siku 194. Kila mtoto anaongezewa kilomita 291 kwa mwaka. Kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa hizo ni saa 97, na kwa watoto wote 40 ni saa 3,880. Mizani ndiyo hiyo: kilo 43 za mahindi kwa mtu mmoja, na saa karibu 4,000 za miguu ya watoto.

Maji yana hesabu kali zaidi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ililenga kituo cha maji kisiwe zaidi ya mita 400 kutoka kwa mkazi. Kaya iliyo mita 400 kutoka kwenye pampu, ikienda mara tatu kwa siku, inatembea kilomita 2.4. Njia ikifungwa na mzunguko ukaongeza mita 750, safari hizo hizo zinakuwa kilomita 6.9. Pampu haijahama, na kwenye taarifa ya wilaya kaya hiyo bado inahesabiwa kuwa imefikiwa na huduma. Fedha za umma zilizochimba kisima zimepotelea kwenye uzio ambao ramani haikuuona.

Kwenye dhahabu, leseni ndogo ya uchimbaji ina ukomo wa hekta 10. Ikiwa mraba, kila upande ni mita 316, umbali ambao si shida kuuzunguka. Leseni kumi zikipangana mstari mmoja kufuata mwamba zinakuwa zaidi ya kilomita 3. Leseni kubwa ni suala jingine kabisa: ile ya Mgodi wa Dhahabu wa Geita ina kilomita za mraba karibu 196, sawa na mraba wa kilomita 14 kwa 14. Mwenye leseni ana alama za pembe zake kwenye mfumo wa Tume ya Madini, na mgogoro ukitokea anafungua kompyuta anaonyesha. Wanakijiji wanabaki na ushahidi wa wazee. Mahali penye maduara yaliyoachwa wazi, kulazimika kukata porini usiku badala ya njia iliyozoeleka ni kuhatarisha maisha.

Kuandika njia kunagharimu kiasi gani

Mkoa wa Geita una takriban kilomita za mraba 20,000. Tukikadiria kwa juu kwamba una msongamano wa njia sawa na England, zinakuwa kilomita 29,000. Kijana mwenye simu yenye GPS, akifuatana na mzee wa kitongoji anayezijua njia, anaweza kuandika kilomita 15 kwa siku, pamoja na kusimama kwenye kila kivuko, kisima na njia panda. Simu ya kawaida hukosea kwa mita chache panapokuwa wazi, jambo linalotosha kwa hatua ya kwanza. Kazi yote ni kama siku 1,930. Ukiwalipa wawili hao shilingi 25,000 kila mmoja kwa siku, ni shilingi milioni 97.

Ongeza shilingi 200,000 kwa kila kijiji kwa ajili ya mkutano mkuu, uchapaji wa ramani na vigingi. Kwa vijiji visivyozidi 500 ni milioni 100. Jumla haifiki shilingi milioni 200 kwa mkoa mzima, au takriban 400,000 kwa kijiji. Kilomita moja ya lami hapa nchini hugharimu zaidi ya shilingi bilioni 1. Kwa hiyo kuziandika njia zote za Mkoa wa Geita kunaweza kulipwa kwa fedha ya mita 200 za lami. Hata kama makadirio yangu yamekosea mara tatu, bado hatujafika kilomita moja.

Zana za kuhifadhi ramani hizo ni za bure. OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ipo tangu 2004. Mradi wa Ramani Huria uliitumia kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na mradi wa Crowd2Map umekuwa ukiijazia vijiji vya Tanzania tangu 2015. Lakini mstari kwenye OpenStreetMap ni taarifa, haujawa haki. Haki inatoka kwenye sheria, na sheria tunayo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia ya umma kwa manufaa ya wananchi wote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inatoa nafasi ya kuyaandika yote hayo kwenye mpango mmoja.

La kufanya sasa

Vijiji vya Bukombe visisubiri bajeti ya taifa. Hatimiliki za kimila zinapoandaliwa, njia ziandikwe kwanza na mashamba yafuate, kwa sababu kipande kikishapata hati, kurudisha mita moja na nusu kunahitaji kesi. Mkutano mkuu upitishe orodha ya njia kwa majina yake, upana wake na vitongoji zinavyounganisha, na muhtasari wenye mihuri upelekwe halmashauri. Ile kanuni ya siku 14 ya England inafaa kuingizwa kwenye sheria ndogo za kijiji: lima ukipenda, lakini irudishe njia. Halmashauri zinazopokea ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni zitenge sehemu ya fedha hizo kwa kazi hii, na ombi la leseni mpya lipimwe dhidi ya ramani ya njia kabla ya kigingi kuingia ardhini.

Msomaji uliyeko kijijini, ajenda ya mkutano ujao unaweza kuipeleka wewe. Mwambie mwenyekiti wako wa kitongoji njia zenu ziandikwe mwaka huu, wakati wazee wanaozijua bado wapo na mashamba ya jirani bado hayajapata hati.