Vikwazo vya benki na pesa ya nyumbani

Mzazi anayemtumia mwanawe ada na pesa ya kula Moscow hujaza fomu benki kama zamani: jina la mpokeaji, namba ya akaunti, jina la benki. Akiandika VTB, karani anairudisha fomu.

VTB ni mojawapo ya benki saba za Urusi zilizoondolewa Machi 2022 kwenye SWIFT, mtandao unaopitisha maelekezo ya malipo kati ya benki na benki. Mwezi huohuo Visa na Mastercard zilisitisha huduma nchini humo, na Western Union ikafunga. Juni ikafika zamu ya Sberbank, kubwa kuliko zote.

Lakini hata benki isiyo kwenye orodha haina uhakika. Dola inayovuka mpaka kwa kawaida hupitia benki ya tatu yenye akaunti New York, na kila benki njiani hukagua majina. Likitiliwa shaka hata jina moja, pesa hukwama. Woga wa benki una sababu: mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikubali kulipa karibu dola bilioni 9 kwa kukiuka vikwazo vya Marekani dhidi ya Sudan, Iran na Cuba. Ukilinganisha na hasara hiyo, kamisheni ya kutuma dola 200 ni nini? Ndiyo maana benki nyingi hukataa hata pesa za kifamilia za kwenda Iran, ingawa sheria ya Marekani inaziruhusu.

Maumivu hayaishii kwa wanafunzi. Tajikistan, ambako pesa za vibarua walioko ughaibuni, wengi wao Urusi, zimewahi kukaribia nusu ya pato la taifa, nayo inategemea pesa kuvuka mipaka.

Njia rasmi ikizibwa, watu hutafuta ya pembeni. Mzazi anamlipa mfanyabiashara shilingi hapa nyumbani. Mwenzake Moscow anamkabidhi mwanafunzi rubli mkononi. Hakuna risiti, na mwenzake akitoweka, hakuna pa kulalamika.

Wanaoweka vikwazo wanalenga hazina ya vita vya Urusi nchini Ukraine, na hilo lina hoja yake. Basi waitaje kwa jina benki ya kupitishia pesa ndogo za kifamilia, waweke kiwango cha juu, na waziandikie benki kwamba hazitaadhibiwa kwa kuzipitisha. Ruhusa ambayo karani anaogopa kuitumia haimfikishii mwanafunzi chakula.