Kliniki ya Ngozi ni Siku Gani?

Mama yangu aliacha kutoa mkono. Kule Akheri, chini ya Mlima Meru, watu wakitoka ibadani husimama nje ya kanisa wakashikana mikono mmoja baada ya mwingine. Jumapili moja nilimwona anasalimia kwa vidole alivyovificha ndani ya kanga. Nilipomuuliza alisema ni baridi. Tulipofika nyumbani nikamwomba anionyeshe. Kulikuwa na madoa mazito, meusi kuliko ngozi yake, yaliyoanzia kwenye kifundo cha mkono wa kulia yakapanda hadi karibu na kiwiko. Alikuwa amejikuna hadi kutoa damu.

“Nani amekuangalia, mama?”

“Si wale wa duka la dawa. Hii ni tyubu ya nne.”

Nilisoma maandishi madogo ya ile tyubu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na betamethasoni, zote zimechanganywa pamoja. Haikuwa na maelezo ya daktari wala tarehe ya kurudi. Miezi minane ilikuwa imepita, na muda wote huo jina lake lilikuwa kwenye bima yangu.

Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, anaruhusiwa kuandikisha mwenza wake na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Mfuko ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kuhudumia watu mwaka 2001, na mtumishi huchangia asilimia 6 ya mshahara, nusu akikatwa yeye na nusu akilipiwa na mwajiri. Kwa hiyo fedha ilishatoka, na kadi alikuwa nayo. Kilichokosekana ni kujua tumpeleke wapi.

Nikaanza kama wengi wanavyoanza, kwa kupiga simu hospitali binafsi za mjini na kuuliza, “Mnapokea bima ya NHIF?” Moja ikajibu ndiyo. Tulishuka na Hiace asubuhi na mapema, kadi ikahakikiwa, tukakaa saa mbili. Ndipo dada wa dirishani akatuita kwa sauti ya upole: hospitali inapokea bima kwa daktari wa kawaida, lakini daktari wa ngozi ni mgeni anayekuja siku moja kwa wiki, na yeye anaonwa kwa fedha taslimu. Mama akainuka, akajifunga kanga vizuri, akasema twende nyumbani, mwanangu, hizo fedha zina kazi nyingine.

Swali langu ndilo lililokuwa na kasoro. Jijini Arusha, kuuliza kama hospitali inapokea bima hakutoshi. Uliza kama daktari wa ngozi mwenyewe anaonwa kwa bima, na kliniki yake ni siku gani. Uliza upya kila unapokwenda, hata kama mwaka jana ulihudumiwa. Machi 2024, kitita kipya cha mafao kilipoanza kutumika, hospitali kadhaa binafsi nchini zilisimamisha huduma kwa wanachama wa NHIF kwa siku kadhaa zikilalamikia bei zilizopangwa. Mgonjwa aliyekuwa ameshazoea dirisha lake alijikuta amesimama nje.

Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu, jirani yetu. Aliniambia niache kutafuta bingwa, nitafute “mtu wa Moshi”. Nilidhani anamtaja Mchaga fulani. Alimaanisha mtu aliyesomea ngozi Moshi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jambo hili liko umbali wa kilomita zipatazo 80 tu kutoka mnara wa saa wa Arusha na wengi wetu hatulijui. Mjini Moshi, ndani ya eneo la hospitali ya KCMC, kuna chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda hii ya Afrika, kinachojulikana kwa kifupi kama RDTC. Kilianza mwaka 1992 kwa msaada wa wakfu wa kimataifa wa tiba ya ngozi, na mkuu wake wa kwanza alikuwa daktari Mjerumani, Henning Grossmann. Waanzilishi walikubali ukweli ulio wazi: mabingwa wa ngozi hawatatosha vijiji vya Afrika leo wala kesho. Basi wakawachukua maafisa tabibu na wauguzi, watu ambao tayari wako kwenye vituo na wanawafahamu wagonjwa wao, wakawafundisha ngozi na magonjwa ya zinaa kwa miaka miwili, kisha wakawarudisha walikotoka. Mafunzo ya ubingwa kwa madaktari yalifuata baadaye. Wanafunzi wamekuja kutoka nchi nyingi za Afrika.

Wanachojifunza pale ni kuisoma ngozi yetu. Vitabu vingi vya dunia vimejaa picha za ngozi nyeupe, na ule wekundu unaotajwa humo, kwetu huonekana kama zambarau, kijivu au weusi mzito. Mtu asiyefundishwa anaweza kuutazama ukurutu akauita uchafu, au akalitazama baka la ukoma, ambao dawa zake ni bure nchini, akaliita mba.

Mtu wetu wa Moshi tulimpata kwenye kituo cha serikali hapa hapa jijini. Ni afisa tabibu, na hana bango barabarani. Mama alimwamkia “Daktari, habari za kazi,” naye akajibu, “Shikamoo, mama, lete huo mkono.” Aliushika bila glavu kwanza, na nadhani alifanya hivyo makusudi, kwa sababu nilimwona mama akilegea mabega. Kisha akavaa glavu, akakwangua ukingo wa doa kwa wembe, unga wa ngozi ukaanguka kwenye kioo, akaudondoshea dawa na kwenda nao kwenye hadubini. Aliporudi alisema ni fangasi.

Walikuwa fangasi tangu mwanzo. Steroidi iliyomo kwenye tyubu hutuliza muwasho, mgonjwa akadhani anapona, lakini hapo hapo huilaza kinga ya ngozi na fangasi wakapata uwanja. Ule mviringo wenye ukingo unaoonekana vizuri, ambao ungemwonyesha yeyote kwamba ni fangasi, unafutika. Ukiacha kupaka, muwasho unarudi kwa nguvu, nawe unakimbilia tyubu ya tano. Afisa tabibu aliizuia ile dawa, akaandika vidonge vya wiki kadhaa, na bima ikalipia.

Narudi kwenye kadi, maana si wote wana kadi kama ya mama. Bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ambayo wakulima wengi wa Arumeru waliilipia shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, iliwekewa kikomo kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa Arusha, hiyo ni Mount Meru, ile iliyo jirani na kituo cha mikutano cha AICC. Kwenda KCMC, ambayo ni hospitali ya kanda, ni hatua nyingine. Hata mwenye NHIF anatakiwa kuwa na karatasi ya rufaa, na karatasi hiyo huandikwa na daktari aliyemwona huku chini. Ukipanda Coaster ya Moshi bila karatasi, umelipa nauli ya kwenda kurudishwa. Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Mimi nitaipima kwa umbali ambao kadi ya mkulima itaweza kusafiri.

Ngozi hudharauliwa kwa sababu haiui haraka. Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele, na Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao bilioni 1.8 wanaugua ngozi kwa wakati wowote ule. Huku kwetu mashamba ya maua ya Usa River yana mikono inayoshika dawa na majimaji ya mimea kutwa nzima. Watu wenye ualbino wa hapa Arusha wanaishi mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya jua kali, na kwao kuchelewa kunaweza kuwa saratani. Mafuta ya kuwakinga, Kilisun, yalizaliwa hapo hapo KCMC.

Mkono wa mama umebaki na kivuli cheusi ambacho afisa tabibu alisema kitachukua miezi kufifia. Juzi alinipigia simu. Jirani yake, anayepanga maua, viganja vimempasuka hadi hawezi kufua. Mama ameshamwambia aache tyubu na amempa siku ya kliniki. Alichotaka kujua kwangu ni kimoja: wakimwandikia rufaa ya Moshi, na kadi yake ni ile ya shilingi 30,000, atalipa nani?