Mpango wa kijiji ni wa nani? Namna ya kupanga pamoja kabla mradi haujafika



Katika vijiji vingi vya Kivu utaona kibao cha chuma kando ya njia. Juu yake kuna jina la mradi, jina la mfadhili na mwaka. Rangi imefifia. Bomba lililojengwa halitoi maji tena, na ukiuliza kwa nini halikutengenezwa, watu wanajibu: "Ni bomba la shirika." Hawasemi "bomba letu". Katika neno hilo moja kuna shida yote ambayo makala hii inataka kueleza.

Siku hizi kila karatasi ya mradi ina maneno "ushirikiano" na "mpango wa wananchi wenyewe". Maneno haya ni mazuri, lakini yana maana gani kwa familia iliyokimbia Masisi, Rutshuru, Kalehe au Djugu? Na yana maana gani kwa chifu ambaye watu wake wamerudi wakati mmoja na wageni?

Kwa nini jambo hili ni la haraka

Mwezi wa pili 2025, kambi kubwa zilizozunguka mji wa Goma zilivunjwa. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka kwa siku chache. Wengine walirudi vijijini kwao, wengine waliingia katika familia za kuwapokea, wengine walihama tena. Wakati huohuo Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa kuliko wote wa misaada katika nchi yetu, ilikata sehemu kubwa ya pesa zake. Mashirika mengi yalifunga ofisi au kupunguza wafanyakazi.

Kwa hiyo, katika vijiji vingi watu wanakutana bila maandalizi. Aliyerudi anakuta shamba lake linalimwa na mtu mwingine. Aliyebaki anasema: "Mimi nililinda hapa wakati ninyi mlikimbia." Aliyekimbilia hapo kutoka pengine hana shamba kabisa. Mradi ukifika katikati ya hali hiyo na kugawa mbegu kwa "waliorudi" peke yao, unaweza kuwasha moto mahali palipokuwa na majivu tu. Kupanga pamoja si kazi ya kufurahisha mfadhili. Ni kazi ya kuzuia ugomvi usizaliwe na msaada.

Haki yenu imeandikwa wapi?

Kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi wa ndani, zilizotolewa mwaka 1998, zinasema wazi katika kanuni ya 28 kwamba wakimbizi wa ndani washiriki kikamilifu katika kupanga na kusimamia kurudi kwao au kuhamia kwao pahali pengine. Kanuni ya 18 inataka wanawake washiriki katika kupanga na kugawa vitu vya lazima. Hii si zawadi ya shirika.

Kwa upande wa nchi yetu, sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja serikali za chini zinazojitawala: mji, komini, sekta na usultani. Angalieni vizuri: kijiji na kundi la vijiji havimo katika orodha hiyo. Maana yake ni kwamba mpango wa kijiji usipofikishwa kwenye sekta au usultani, hauna mlango wa kuingia katika mpango wa maendeleo wala katika bajeti ya eneo.

Mashirika nayo yana ahadi zao. Mwaka 2007 mashirika ya kimataifa na Umoja wa Mataifa yalikubaliana kanuni 5 za ushirikiano: usawa, uwazi, kutazama matokeo, uwajibikaji na kukamilishana. Mwaka 2016, huko Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika waliahidi kwamba kufikia 2020 robo ya pesa za misaada zingefika kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulipita bila ahadi hiyo kutimizwa. Lakini ahadi iliyoandikwa inaweza kudaiwa, na ni vizuri kiongozi wa kambi au wa kijiji aijue.

Fundisho la Tuungane

Wengi mnakumbuka mradi wa Tuungane, ulioanza 2007 kwa pesa za Uingereza. Ulifika katika vijiji vingi vya Kivu Kusini, Maniema na eneo lililokuwa Katanga. Kila kijiji kilichagua kamati kwa kura, kamati ikasimamia pesa, na watu wakachagua wenyewe kazi ya kufanya. Wengi walichagua madarasa ya shule.

Wachunguzi wa chuo kikuu walifuatilia mradi huo na kutoa taarifa mwaka 2012. Walifanya jaribio la akili: walitoa hadi dola 1,000 kwa vijiji zaidi ya 500, vingine vilivyopitia Tuungane na vingine visivyopitia, wakaangalia namna pesa zinavyosimamiwa. Hawakuona tofauti kubwa. Majengo yalijengwa, lakini namna watu wanavyowauliza viongozi wao na namna wanavyoaminiana haikubadilika sana.

Tusiseme kwamba kupanga pamoja ni bure. Kwangu mimi fundisho ni hili: kamati iliyozaliwa kwa ajili ya pesa za mradi inakufa pesa zikiisha. Na mpango unaohesabu madarasa bila kugusa kinachowagawanya watu unaacha mgawanyiko pale ulipokuwa.

Hatua 6 za kupanga pamoja

Hatua ya 1: Jueni ni nani yuko hapa. Andikeni makundi, si majina. Waliobaki, waliorudi, wakimbizi kutoka pengine, familia zinazowapokea, wafugaji, Wambuti, wajane, vijana waliotoka porini. Kundi lisiloonekana mwanzoni litaonekana mwishoni, tena kwa hasira.

Hatua ya 2: Anzeni na mikutano midogo. Mbele ya mwami na wazee, mama aliyefika juzi hawezi kusema. Wamama wakae peke yao, vijana peke yao, wakimbizi peke yao. Kila kundi litume watu wawili kwenye baraza kubwa, wapeleke maneno ya kundi na si maneno yao wenyewe.

Hatua ya 3: Choreni ramani chini kwa kijiti. Wekeni majani pahali pa mashamba, mawe pahali pa nyumba, kamba pahali pa mto. Asiyejua kusoma anashiriki sawa na mwalimu. Ramani inaonyesha haraka chanzo cha maji kiko upande gani, na ni nani anayeogopa kupita wapi.

Hatua ya 4: Ulizeni maswali mawili. Nini kinatugawanya? Nini kinatuunganisha? Njia hii ilienea duniani kwa kazi ya Mary B. Anderson, aliyeandika mwaka 1999 kwamba msaada unaweza kusaidia amani au kusaidia vita. Soko moja, kanisa, shule, likelemba ya wamama: hivyo vinaunganisha. Mpaka wa shamba, njia ya ng'ombe, orodha ya ugawaji: hivyo mara nyingi vinagawanya. Kila kazi mnayoichagua ipimwe kwa maswali hayo.

Hatua ya 5: Chagueni mambo machache. Kila mtu apewe punje 3 za maharagwe aweke juu ya jambo analoliona la kwanza. Hesabuni kura za wamama na za wababa kando, mtaona tofauti. Mambo 3 yanatosha kwa mwaka mmoja.

Hatua ya 6: Gawanyeni kazi katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale tunayoweza wenyewe kwa salongo. Fungu la pili ni yale yanayohitaji sahihi au uamuzi wa mwami, wa sekta au wa mtawala wa wilaya. Fungu la tatu ndilo la mshirika wa nje. Kijiji kinachoweka yote katika fungu la tatu hakijapanga, kimeandika barua ya kuomba.

Mfano wa chanzo cha maji

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Kijiji kina familia 120, na familia 80 za wakimbizi zimefika. Jumla 200. Tukihesabu watu 5 kwa familia, ni watu 1,000. Viwango vya Sphere vinavyotumiwa na mashirika vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku, na bomba 1 kwa watu 250. Basi tunahitaji lita 15,000 kwa siku na mabomba 4.

Sasa pimeni chanzo. Wekeni bidoni ya lita 20. Ikijaa kwa dakika 1, ndani ya saa 12 za mchana mtapata lita 14,400. Hayatoshi, na hapo ndipo ugomvi unaanza: "Wakimbizi wanamaliza maji yetu." Lakini chanzo hakilali usiku. Kwa saa 24 kinatoa lita 28,800. Mkijenga tanki la kuhifadhi maji ya usiku, yanatosha na kubaki. Kumbe shida haikuwa wingi wa watu, ilikuwa kukosa tanki. Hesabu iliyofanywa mbele ya wote imebadilisha ugomvi kuwa kazi.

Mafungu matatu yanakuwaje? Kuchimba, kuleta mawe na mchanga: salongo, wenyeji na wakimbizi pamoja. Saruji, mabomba na fundi: mshirika. Katikati kuna jambo ambalo watu wanalisahau: shamba lenye chanzo ni la nani? Sheria ya ardhi ya 1973 ilisema ardhi ni ya Serikali, ikaacha mashamba ya kimila yangoje amri ya Rais, na miongo ilipita bila amri hiyo. Kwa hiyo neno la mdomo halitoshi. Kabla ya jiwe la kwanza, mwenye shamba atoe ruhusa kwa maandishi, na chifu na mashahidi wa pande zote watie sahihi. Bila karatasi hiyo, mtoto wake anaweza kufunga njia baada ya miaka 5.

Muulize mshirika maswali haya

Shirika likifika, mpokeeni vizuri, kisha ulizeni:

1. Pesa zote za kazi hii katika eneo letu ni ngapi, na ngapi zitafika hapa?
2. Mradi utaisha mwezi gani, na siku hiyo nani atabaki na ufunguo, vyombo na deni la matengenezo?
3. Nani alichagua kazi hii? Mnaweza kuilinganisha na mpango wetu?
4. Tukiwa na malalamiko juu ya mfanyakazi wenu, tunampelekea nani asiye yeye?
5. Mtarudi lini kutuambia matokeo, hata kama ni mabaya?

Shirika nalo lina haki ya kuwauliza: Kamati yenu ilichaguliwa namna gani? Wakimbizi wamo? Wamama wana sauti au wanakaa tu mkutanoni? Hesabu zenu zinasomwa mbele ya watu? Ushirikiano ni kuulizana pande mbili.

Jihadharini na mambo matatu

La kwanza ni usalama. Mpango unaweza kuanguka mikononi mwa wenye silaha. Msiandike jina la aliyesema nani alimpiga nani, wala familia inakolala, wala akiba inakowekwa. Mambo ya ushuhuda yabaki kwa wanaojua kuyalinda.

La pili ni orodha. Orodha ya wanaosaidiwa ikitengenezwa na mtu mmoja usiku, amani imeuzwa. Vigezo visomwe barazani, na anayetaka kulalamika apewe siku za kufanya hivyo kabla ya ugawaji.

La tatu ni ahadi. Kiongozi asiahidi kitu ambacho mshirika hajatia sahihi. Pesa za nje zinaweza kukatwa kwa siku moja, kama tulivyoona 2025. Lakini fungu la salongo na fungu la uamuzi wa viongozi haviwezi kukatwa na mtu aliye mbali.

Tufanye nini sasa?

Andikeni mpango kwenye ukurasa mmoja: kazi, anayehusika, mwezi, pesa. Usomwe kwa sauti katika lugha inayoeleweka na wote. Nakala moja ibaki kwa chifu, moja kwa kamati ya wakimbizi, moja kwa kamati ya wamama, na moja ipelekwe kwenye sekta au usultani, mkiomba igongwe muhuri wa kupokelewa. Kila miezi 3 watu wakae, waseme ni nini kimefanyika na ni nini hakikufanyika.

Wazee walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Neno hilo linamhusu mkimbizi aliyepokelewa, ambaye anataka kulima na si kuangaliwa tu. Linalihusu pia shirika linalokuja na gari: siku ya tatu nalo lipewe jembe, lionyeshwe mstari wake wa kulima. Lakini ili kumwonyesha mtu mstari, lazima wenye shamba wawe wamekwisha kukubaliana mipaka.