Beni-Butembo : Moringa ina nguvu, lakini kijiko kimoja hakimponyeshi mtoto mwenye utapiamlo

Katika miji ya Beni na Butembo, jimboni Kivu Kaskazini, moringa inasifiwa kuwa dawa ya karibu kila kitu: presha, sukari, uchovu, hata utapiamlo wa watoto. Sifa hii ya mwisho inahitaji kuangaliwa vizuri. Tangu Oktoba 2014, mauaji yanayohusishwa na waasi wa ADF yamefukuza familia nyingi mashambani upande wa Beni. Mama aliyeacha muhogo na maharagwe yake porini hutafuta chochote cha bei ndogo cha kumpa mtoto nguvu.

Majani yenyewe si ya kudharauliwa. Kulingana na vipimo vya wizara ya kilimo ya Marekani, gramu 100 za majani mabichi zina gramu 9 hivi za protini, miligramu 185 za kalsiamu na miligramu 4 za madini ya chuma, pamoja na vitamini A nyingi. Ni mboga chache za majani zenye protini kiasi hicho. Lengalenga, kwa mfano, haifikishi gramu 3. Lakini kwa kalsiamu lengalenga inaishinda moringa, ikiwa na miligramu 215, na hakuna anayeiita mti wa miujiza.

Wauzaji husema pia kwamba moringa ina vitamini C mara 7 kuliko chungwa. Vipimo hivyo hivyo vinaonyesha miligramu 52 kwa moringa mbichi na 53 kwa chungwa, yaani ni sawasawa. Tena majani yakikaushwa, sehemu kubwa ya vitamini hiyo inapotea.

Unga mkavu una protini zaidi, kati ya gramu 24 na 30 katika gramu 100. Shida ni kwamba hakuna anayekula gramu 100 za unga. Kijiko kikubwa kimoja, gramu 8 hivi, kinatoa gramu 2 tu za protini, karibu theluthi moja ya yai. Kikiongezwa kila siku kwenye uji au maharagwe, kinasaidia. Kikiwekwa mahali pa chakula, hakisaidii.

Mtoto aliyevimba miguu, au ambaye mkono wake wa juu una mzunguko chini ya sentimita 11,5, ana utapiamlo mkali. Huyo apelekwe kituo cha afya haraka, kwa sababu anahitaji chakula maalum cha tiba, na kila siku anayokaa nyumbani akipewa unga peke yake ni hatari. Mama mjamzito naye asinywe dawa ya mizizi wala maganda ya mti huo. Anayemeza dawa za sukari au presha amuulize munganga kwanza.

Kwa anayetaka kupanda, moringa hupenda joto. Beni, penye mita 1.100 hivi juu ya bahari, inaweza kuvumilia. Kwenye baridi ya Butembo, mita zaidi ya 1.700, inakua polepole. Majani yakaushwe kivulini, kwa kuwa jua kali linaharibu vitamini A. Unga uliogeuka kahawia mara nyingi ulianikwa juani au umekaa sana.

Na pasipo moringa, sombe iliyotwangwa na kuchemshwa vizuri hadi sumu yake itoke nayo ina protini nyingi, na inapatikana karibu kila soko.