Benki imekata ada akaunti ikiwa haina kitu: je, pesa zinaweza kurudi?

Pesa za maziwa zimeingia jioni, na kufika asubuhi hazipo. Hakuna aliyeiba. Benki imejilipa: ada ya malipo yaliyokosa, faini ya kuchelewa, riba juu ya faini, na hata ada ya ujumbe wa simu unaokuarifu kwamba umekatwa. Ujumbe wa aina hii huongezeka katika simu ya studio kila kiangazi kinapokaza, na swali huwa ni lile lile: msikilizaji anaweza kuzidai pesa hizo?

Baadhi anaweza. Inategemea ni ada gani, na inategemea ameuliza vipi.

Kwanza tuelewane jambo moja. Hapa Kenya hakuna sheria inayosema kwamba aliyepatwa na shida arudishiwe ada alizokatwa. Ng'ombe akifa au mvua ikikosa, mkataba wako na benki bado upo. Kwa hiyo una mazungumzo mawili tofauti. La kwanza ni dai: ada hii haikuwa katika mkataba, au imekatwa mara nyingi kuliko ilivyokubaliwa, kwa hivyo irudi. La pili ni ombi: ada ni halali, lakini nimekwama, naomba mniondolee na mnipangie upya mkopo. Wengi huyachanganya katika pumzi moja, na karani hujibu lile ombi kwa sababu ni rahisi kulikataa. Dai linapotea hapo hapo.

Wenzetu wa Uingereza walipitia njia hii kwa kishindo. Watu wengi walidai ada walizokatwa kwa kuzidisha matumizi ya akaunti, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya huko. Tarehe 25 Novemba 2009 mabenki yalishinda. Dai la jumla likafungwa, lakini waliokuwa katika dhiki ya kweli waliendelea kusikilizwa mmoja mmoja, kwa kuwa mabenki ya huko yalikuwa yamekubali kuwatendea kwa huruma wateja walioshindwa kulipa. Mwaka 2020 msimamizi wa sekta hiyo alipiga marufuku zile ada za kila siku za kiwango kimoja. Sheria zao hazituhusu, ila huko pia dai na ombi vilienda njia mbili.

Turudi nyumbani. Kitu cha kwanza ni taarifa ya akaunti, ile stetimenti. Usiende kulalamika ukiwa na ujumbe wa simu pekee. Omba taarifa ya kuanzia mwezi ulipoanza kukwama, pamoja na nakala ya mkataba wa mkopo na orodha ya ada za benki. Mkataba ni wako pia, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako zinazoshikiliwa na wengine. Kisha chukua kalamu, upige mstari chini ya kila makato ambayo si mkopo wenyewe wala riba ya kawaida.

Mfugaji mmoja alitutumia picha ya taarifa yake. Mwezi ambao maziwa yalipungua, benki ilijaribu kuvuta malipo ya mkopo mara 4, na kila mara ilipokosa ikakata ada. Tulimuuliza mkataba wake unasemaje. Ulisema ada moja kwa kila awamu isiyolipwa. Awamu ilikuwa moja. Basi makato matatu hayana msingi, na hapo hahitaji kueleza habari za kiangazi wala karo. Anaonyesha karatasi mbili tu. Kama mkataba ungesema ada ni kwa kila jaribio, angekuwa na ombi, si dai.

Sasa sheria. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza benki kupandisha ada zake bila idhini ya waziri. Mwaka 2024, katika kesi ya benki ya Stanbic na kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba hata riba inaguswa na kifungu hicho. Kwa mtu wa kawaida, maana yake ni kwamba ukiona ada au riba imepanda katikati ya mkopo, una haki ya kuuliza kwa maandishi: iliidhinishwa lini, na mimi niliarifiwa lini?

Kifungu cha 44A ndicho ningependa kila mwenye mkopo akijue. Mkopo ukishahesabiwa kuwa umeacha kulipwa, kwa kawaida baada ya siku 90, riba haiwezi kuendelea kupanda bila kikomo. Tuseme siku hiyo deni halisi lililobaki lilikuwa shilingi 80,000. Riba inayoweza kuongezwa baada ya hapo haipiti 80,000 nyingine. Benki inaweza kudai hadi 160,000 na gharama za kufuatilia deni. Ikikuletea 230,000, iulize gharama hizo ni zipi, moja baada ya nyingine. Jihadhari na kitu kimoja: ukianza kulipa tena kisha ukakwama upya, hesabu inaanza kwa deni lililopo wakati huo. Kanuni hii imekuwapo tangu 2007, na bado watu wanauza mashamba kulipa riba ambayo wangeweza kuipinga.

Kuna makato ambayo hayarudi. Ushuru unaotozwa juu ya ada huenda kwa serikali, ingawa ada yenyewe ikirudishwa dai na ushuru wake. Ada uliyoitia saini na iliyokatwa sawasawa pia ni ngumu kuidai. Hapo ndipo ombi linaingia, na ombi zuri lina namba: nilikuwa napata shilingi ngapi, sasa napata ngapi, naweza kulipa ngapi kwa mwezi. Barua ya chama cha maziwa au ya kiwanda cha chai inayoonyesha malipo yalivyoshuka ina uzito kuliko maelezo marefu. Ombi linalofika kabla ya awamu ya kwanza kukosa husikika zaidi kuliko la mwezi wa sita.

Barua ya dai iwe fupi. Mfano: “Kwa meneja wa tawi. Mimi ni mwenye akaunti namba fulani. Tarehe hizi nilikatwa ada hizi, jumla shilingi 4,500. Mkataba wangu, ukurasa wa 3, hauruhusu makato haya. Naomba mnirudishie na mnijibu kwa maandishi.” Toa nakala, na nakala yako igongwe muhuri. Ukipiga simu, andika tarehe na jina la uliyezungumza naye.

Benki ikikaa kimya au ikikataa, peleka barua na majibu yao Benki Kuu ya Kenya. Mbali na Nairobi, ina matawi Mombasa, Kisumu na Eldoret. Watakuuliza kama ulianza na benki yako, ndiyo maana muhuri ule una kazi. Njia nyingine ni Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Unaweza kujisimamia bila wakili, ukazungumza Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Haiko kila mahali, hivyo uliza kwanza katika masjala ya mahakama iliyo karibu. Na usingoje sana: madai ya mkataba hufungwa baada ya miaka 6.

Kuna pia wanaojitokeza sokoni wakiahidi kukurudishia pesa za benki kwa malipo ya mbele. Kila kilichoandikwa hapa unaweza kukifanya mwenyewe kwa gharama ya nakala na nauli. Anayekuomba namba ya siri ya simu au ya kadi mfukuze.

Kama pesa zako ziko kwenye Sacco, usianze na Benki Kuu. Sacco zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, na mzozo ukishindikana ofisini hupelekwa kwenye Jopo la Vyama vya Ushirika. Stetimenti, mkataba na barua yenye muhuri vinahitajika huko vile vile.